Mwandishi chipukizi wa Nyeri na kitendawili cha wakala

KIJANA anayeandika riwaya yake Gatitu, viungani mwa mji wa Nyeri, hakosi mahali pa kupigia chapa mswada wala njia ya kuutuma kwa baruapepe. Asichoweza kupata kwa urahisi, iwe ni Nyeri, Karatina, Nanyuki au hata Nairobi, ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza mswada huo kwa niaba yake. Mtu huyo ndiye wakala wa waandishi, na ukosefu wake una gharama ambayo waandishi wengi hawaijui hadi wanapokuwa wamekwisha kutia saini.

Katika nchi za Uingereza na Marekani, kazi ya uwakala ina zaidi ya karne moja. A. P. Watt wa London, aliyeanza shughuli zake katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuigeuza kuwa biashara kamili, akitoza asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. Siku hizi ada ya kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na asilimia 20 kwa mauzo ya nchi za nje na ya tafsiri.

Wakala husoma mswada, hupendekeza marekebisho, huchagua wahariri wa kupelekewa, hujadili mkataba, hupokea malipo, huondoa ada yake na kumkabidhi mwandishi kinachobaki. Mashirika mengi makubwa ya uchapishaji ya London na New York hayasomi kabisa riwaya isiyopitia mikononi mwake.

Mambo yalienda vingine Afrika Mashariki. Mnamo Juni 1962, waandishi wa Afrika walipokutana katika Chuo Kikuu cha Makerere, mwanafunzi aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa Chinua Achebe mswada wake. Achebe, aliyekuja kuwa mshauri wa msururu wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa shirika la Heinemann, aliufikisha kwa wachapishaji, na Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964. Wakala hakuhusika. Kilichotenda kazi ni ujamaa wa waandishi na msururu uliokuwa na kiu ya sauti mpya.

Desturi hiyo ya kumwendea mchapishaji ana kwa ana imedumu. Wachapishaji wa Nairobi hupokea miswada kutoka kwa waandishi wenyewe, na mwandishi wa Gatitu hahitaji mpatanishi ili kubisha mlango wao.

Hesabu isiyolipa

Sababu ya mawakala kutostawi Kenya si uvivu wala ukosefu wa vipaji. Ni hesabu. Tuseme riwaya inauzwa kwa Sh1,000 na mwandishi anapata mrabaha wa asilimia 10. Nakala 1,000 zikinunuliwa, mwandishi atapata Sh100,000 kabla ya kodi. Asilimia 15 ya fedha hizo ni Sh15,000. Wakala aliyesoma mswada huo mara tatu na kuandikia wachapishaji kumi hawezi kulipia ofisi yake kwa kiasi hicho.

Isitoshe, fedha nyingi za vitabu nchini hutokana na shule. Tangu serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji miaka ya 2017 na 2018, idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) imekuwa na uzito kuliko ushawishi wa wakala yeyote. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa shuleni, huuzwa kwa maelfu. Isipoteuliwa, husubiri mnunuzi mmoja mmoja.

Mfano wa Karatina

Eneo la Mlima Kenya lina historia yake katika suala hili. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kampuni ya African Book Writers katika miaka ya 1940 kwa sababu hawakutaka kusubiri hisani ya wamishonari wala ya ofisi za kikoloni. Aliandika kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikamatwa, na maandishi yake yakahesabiwa kuwa kosa.

Baada ya kifungo alijenga biashara ya uchapishaji mjini Karatina. Aliandika, akahariri, akapiga chapa na kuuza. Kwa maneno mengine, alikuwa wakala wake mwenyewe. Faida ya njia hiyo ilikuwa dhahiri: hakuna aliyempangia lugha ya kuandikia wala aliyemkata fungu. Hata hivyo, soko lake lilikuwa la wasomaji wa Kikuyu, na mashine ya Karatina haikuwa na mkono wa kufika mbali.

Shajara yake ya kizuizini ilitolewa kwa Kikuyu mwaka 1983 na Heinemann ya Kenya, iliyokuwa chini ya Henry Chakava. Mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma, na mwaka 1988 ikatoka kwa Kiingereza. Maneno yalikuwa yale yale ya mtu yule yule. Kilichoongezeka ni mtu wa kuyafikisha mbele ya waamuzi na watafsiri.

Njia ya tuzo

Kwa mwandishi wa leo, mlango wa nje mara nyingi hufunguliwa na tuzo. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda amesimulia jinsi riwaya yake ilivyokataliwa Uingereza kwa kuonekana ya Kiafrika mno. Mwaka 2013 ilishinda shindano la miswada la Kwani Trust jijini Nairobi, na mwaka 2014 ikachapishwa kwa jina Kintu. Ilitoka Marekani mwaka 2017 na Uingereza mwaka 2018. Riwaya iliyokataliwa London ilifika London kwa kupitia Nairobi.

Kwa waandishi wa Kiswahili, ugumu ni mara mbili, kwa kuwa mawakala wengi wa ng'ambo hawawezi kuisoma lugha hiyo. Ndiyo maana tuzo ya Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina Mabati-Cornell ilikuwa na maana kubwa: ilipokea miswada, si vitabu vilivyokwisha kuchapishwa pekee, na washindi wake wa kwanza walipata mchapishaji, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Shirika hilo hilo ndilo lililotoa Peponi mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwaka mmoja baada ya mzaliwa huyo wa Zanzibar kutunukiwa Nobel.

Namna ya kumtafuta

Anayeamua kumsaka wakala wa ng'ambo ana kanuni chache za kufuata. Kwanza, riwaya iwe imekamilika na kusahihishwa. Kitabu kisicho cha kubuni ndicho kinachoweza kuuzwa kwa pendekezo na sura chache. Pili, asome kurasa za shukrani katika vitabu vinavyofanana na chake, kwani waandishi wengi huwataja mawakala wao humo. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, aliwakilishwa kwa miaka mingi na Gloria Loomis wa New York, na jina hilo halikuwa siri.

Tatu, atume kile kilichoombwa tu: aghalabu barua fupi ya kujitambulisha, muhtasari wa ukurasa mmoja unaofichua mwisho wa hadithi, na sura tatu za kwanza. Anaweza kuwaandikia mawakala kadhaa kwa wakati mmoja, mradi awaarifu wengine pindi mmoja anapokubali. Jibu huchukua majuma au miezi, na kimya mara nyingi huwa ndilo jibu.

Kigezo kikuu cha kumtambua wakala wa kweli ni fedha. Yeye hulipwa baada ya kuuza. Vyama vya mawakala vya Uingereza na Marekani vinakataza wanachama wao kutoza ada ya kusoma miswada. Anayedai malipo ya usajili, ya uhariri wa lazima au ya kumtambulisha mwandishi kwa mtayarishaji wa filamu anamwinda mwandishi, hamwakilishi.

Miaka ya hivi karibuni walaghai wameanza kuazima majina ya mawakala halisi na kuwaandikia watu kwa anwani za kubuni, wakisifu kitabu ambacho hawajakisoma. Familia isiyo na akiba nyingine ila malipo ya kahawa au majani chai inaweza kupoteza karo ya muhula mzima kwa barua moja tamu. Dawa ni kutafuta tovuti ya shirika linalotajwa na kuliandikia moja kwa moja kupitia anwani iliyo humo.

Kilicho ndani ya mkataba

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haina ulaghai ndani yake. Ni mkataba halali uliosomwa kwa haraka. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki za mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hizo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) ni ushahidi tu. Haziwezi kuhamishwa bila maandishi yenye saini. Kwa hiyo anayezitoa huwa amezitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kumpa mchapishaji mmoja haki zote, kwa lugha zote, duniani kote, ilhali hana mpango wa kuuza nje ya Kenya. Wakala angezigawa: chapa ya Afrika Mashariki kwa huyu, ya Uingereza kwa yule, tafsiri na filamu zibaki kwa mwandishi. Angedai pia kifungu cha haki kumrudia mwandishi kitabu kinapoacha kuchapishwa, na taarifa ya mauzo kila mwaka.

Mwandishi asiye na wakala anaweza kudai hayo yote. Anachohitaji ni kujua kwamba yanadaiwa. Ada ya wakili wa Nyeri kwa kusoma mkataba mmoja ni ndogo ikilinganishwa na haki za maisha na miaka 50 juu yake. Vyuo vikuu vya eneo hili, Karatina na Dedan Kimathi, navyo vingeweza kutoa ushauri wa aina hiyo kwa waandishi wanaovizunguka. Soko la Kenya huenda likachelewa kuwalisha mawakala, lakini kazi yao haiwezi kungoja: kabla ya saini, lazima awepo mtu wa kuuliza ni haki zipi zinazotolewa, kwa nani, na kwa muda gani.