MAARIFA YETU YASIFUNGIWE NDANI YA KOMPYUTA



Siku hizi twaambiwa kwamba kompyuta zitahifadhi maarifa yote ya kazi, ili mtu akiondoka kazi isilale. Neno hili ni jema, nasi hatulipingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ya mfanya kazi ni mali. Lakini twauliza: yatakayoandikwa ni maarifa ya nani? Nani atayasoma, na kwa lugha gani?

Hapa Emali jambo hili li mlangoni petu. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, yapita hapa. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, nayo ina stesheni yake hapa. Nchi yetu ni ya mito ya mchanga: hukaa kavu miezi mingi, kisha mvua ikinyesha hujaa kwa saa chache. Mtu wa gengi aliyeitembea njia miaka 20 ajua ni kalavati gani huziba kwanza, na ni wapi tuta hulainika chini ya mataruma. Ramani haikumwambia, miguu yake ndiyo iliyomfundisha.

Tusidhani haya ni mambo madogo. Mwishoni mwa Januari 1993 mafuriko yaliharibu daraja la Ngai Ndethya, katika nchi hii yetu ya Makueni. Treni ya abiria ikatumbukia usiku, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hatusemi kwamba yuko aliyejua akanyamaza. Twasema kwamba katika reli, habari ya maji ikichelewa saa moja ni kama haikuja.

Hapa ndipo kompyuta ifaapo. Mtu wa gengi aweza kupiga picha ya kalavati kwa simu, akaeleza kwa mdomo alichokiona, na habari ikafika saa ile ile kwa aongozaye treni. Habari hizo zikiwekwa miaka 10, kijana mpya ataona mahali gani huharibika kila masika, hata kama mzee aliyemtangulia amekwisha staafu.

Lakini wafanya kazi wanakumbuka. Novemba 2006 reli ya zamani ilipokabidhiwa kampuni ya watu binafsi, wengi walipunguzwa kazini. Mtu akiondoshwa, jalada la mshahara wake hubaki ofisini. Ujuzi wake huenda naye nyumbani. Na mtu akiona kwamba akisha kueleza ajuayo ataambiwa hahitajiki tena, atafunga mdomo. Mashine haiwezi kuhifadhi neno ambalo halikusemwa, na hasara yake itamwangukia abiria.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Saa za kueleza na kuandika maarifa zihesabiwe kuwa saa za kazi, zilipwe.

2. Kiswahili kitumike. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kitabu asichoweza kukisoma mtu wa gengi si chake.

3. Neno la siri la kuifungua kompyuta lisiwe la wakubwa peke yao. Aliyeleta habari apate kuisoma, aone jina lake, na aone hatua iliyochukuliwa.

4. Pawe na mapatano yaliyotiwa sahihi na Chama, kwamba maarifa aliyoyatoa mtu hayatakuwa sababu ya kumwondoa kazini.

Wakubwa wasiogope madai haya. Kununua mashine ni kazi ya siku moja. Kumfanya mtu aseme ajuayo kwataka uaminifu wa miaka. Nanyi ndugu, msiyatoe maarifa yenu bure, wala msiyafiche yakaoza. Yaleteni mezani kwa umoja, ili yanunue usalama wa abiria na heshima ya mfanya kazi.

Umoja ni nguvu.