Biharusi Si Bango la Fundi

Leo nasema na mafundi wenzangu tunaoshona nguo za harusi. Na nyinyi maharusi sikilizeni, inawahusu.

Imekuwa ada sasa. Hina ya biharusi haijafifia, picha yake ishazagaa Instagram: kichwa wazi, mabega wazi, na nambari ya simu ya fundi juu ya kifua chake. Sherehe ilikuwa ya wanawake watupu, simu zimekatazwa mlangoni. Aliyeivujisha ni fundi, kapiga siku ya kujaribisha nguo.

Ukiuliza, unajibiwa: "Nisipoonesha kazi, mteja nitampata wapi?" Kweli, kazi lazima ionekane. Na mie nakula kwa cherehani, najua. Lakini kazi yako ni nguo, si mwili wa mtoto wa watu. Suratun Nur, aya ya 31, imewataja wanaoruhusiwa kuona pambo la mwanamke. Wafuasi wako hawamo.

"Lakini alikubali." Ulimuuliza lini? Siku ya kuchukua nguo, harusi kesho, nguo bado umeishika wewe? Hapo kakuonea haya tu.

Wengine wakikosa picha zao huchota za Dubai na Uturuki, wakabandika jina lao. Mtume (S.A.W.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumerowa, akamkemea muuzaji. Picha ya kuazima ni rundo lile lile. Mteja atakuja kuugusa umaji siku ya harusi yake.

Basi tufanyeje? Ivike nguo kwenye sanamu, au itundike karibu na dirisha, uipige kabla haijaondoka. Onesha shingo, mkono, na shanga kwa karibu. Kisha igeuze: bitana, zipu iliyofichwa, mshono wa ndani ulivyomalizwa. Mama anayemtafutia mwanawe fundi hutazama hapo kwanza. Chini andika kitambaa gani, siku ngapi, na bei inaanzia wapi. Picha 10 za hivyo, zote kazi ya mkono wako, zinashinda 200 za kuokota.

Nanyi maharusi, semeni mapema. Kabla hujatoa arubuni, mwambie fundi picha zako hutaki zipigwe, aandike kwenye risiti. Akikunja uso, beba kitambaa chako uondoke. Mafundi Unguja tele.