Wenye mizigo wasiwaharakishe madereva

Malori yaliyosheheni viazi kutoka Molo husafiri usiku ili yafike Soko la Wakulima, Nairobi, kabla ya mapambazuko. Anayechelewa huambulia bei duni. Ndiyo maana wenye mizigo huwashinikiza madereva kuongeza mwendo.

Lakini hesabu ya barabarani haina maafikiano. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu zaidi inayoruhusiwa magari ya kibiashara nchini, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji takriban sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki. Kufikia hapo, lori limeshakwenda mita 33 kwa kasi ile ile. Aliyelemewa na usingizi huchelewa zaidi.

Baada ya breki kukanyagwa, lori bado huhitaji nafasi ya kusimama. Kasi ikiongezeka maradufu, nafasi hiyo huongezeka mara nne. Kwenye mteremko kama ule wa Sachangwan kuelekea Salgaa, breki za lori lililopakiwa kupita kiasi zikikanyagwa mfululizo hushika moto na kuishiwa nguvu. Dereva anayetoa gia ili kuokoa mafuta hujinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo.

Wanaoumia si walio ndani ya lori pekee. Mnamo Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilivamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki.

Inafaa basi mfanyabiashara anayekodi lori apakie mapema na kwa kiwango kinachokubalika, ahakikishe breki zimekaguliwa, na asimwekee dereva saa ya kufika isiyowezekana. Safari ndefu iwe na madereva wawili.

Serikali za kaunti nazo zijenge masoko mbali na barabara kuu. Kuwafurusha wachuuzi bila kuwapa mahali pa kuuzia ni kuwarudisha pale pale penye hatari.

Gunia likichelewa hupunguza faida ya siku moja. Lori lisiloweza kusimama huangamiza mzigo, mtaji na maisha ya watu.