Mjumbe Hauawi, Mbona Anafungwa?

Ndugu yangu, umelala. Nimevumilia vya kutosha, leo nakuamsha.

Mwanadiplomasia akivuka mpaka akaketi na waasi, tunaita mazungumzo. Hupewa kiti, chai na mlinzi mlangoni. Mwandishi wa habari akivuka mpaka uleule, akawauliza waasi wanataka nini, anaitwa gaidi. Kwa nini?

Hassan Ruvakuki alivuka. Mtangazaji wa Bonesha FM ya Burundi, mwandishi wa idhaa ya Kiswahili ya RFI. Novemba 2011 alikamatwa baada ya kwenda Tanzania kuzungumza na kundi jipya la waasi. Juni 2012 mahakama ya Cankuzo ikamhukumu kifungo cha maisha. Maisha! Kwa kinasa sauti! Januari 2013 Mahakama ya Rufani ya Gitega ikapunguza hadi miaka 3, tukashukuru. Tulishukuru nini? Afungwaye siku moja kwa kuuliza swali ameonewa siku moja. Alitoka Machi mwaka huohuo.

Na wanaotawala leo? Chama chao, CNDD-FDD, nacho kilikuwa msituni, kikatia saini mkataba na serikali Dar es Salaam, Novemba 2003. Kama kila aliyezungumza nao angefungwa maisha, mkataba ule ungeandikwa na nani?

Tukanyamaza. Mei 2015 redio zikashambuliwa, Bonesha ikiwemo. Tukanyamaza.

Agosti 2022 Floriane Irangabiye, aliyekuwa akitangaza kwenye redio ya mtandaoni akiishi Rwanda, alikuja kusalimia jamaa zake. Akakamatwa. Januari 2023 akapewa miaka 10, nalo gereza la Muyinga likawa makao yake. Agosti 2024 akatoka kwa msamaha wa rais, nasi tukashukuru tena. Msamaha hupewa mkosaji. Yeye alikosa nini? Alizungumza! Desemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Sandra Muhoza akahukumiwa miezi 21 kwa maneno aliyoandika kwenye kundi la WhatsApp.

Unadhani hayakuhusu? Wewe mkulima wa kahawa wa Muyinga, ukipunjwa kwenye mizani utamwambia nani? Wewe wa Gitega unayekesha kwenye foleni ya petroli, nani atamuuliza waziri kwa niaba yako? Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunamfunga anayeyataja.

Leo jioni washa redio. Muziki, matangazo ya vifo, hotuba. Zamani baada ya hotuba palikuwa na swali. Limekwenda wapi? Na lilipokuwa likiondolewa, ndugu yangu, wewe ulikuwa wapi?