Mradi wa Kiswahili usahihishwe ungali mbichi

Na Karimi Njeru

Kwa miaka mingi karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE imekuwa ikimwuliza mtahiniwa angefanyaje utafiti wa fasihi simulizi nyanjani: angetumia mbinu zipi, angekumbana na vikwazo gani, angehifadhi vipi alichokusanya. Watahiniwa wengi hujibu bila shida. Hutaja mahojiano, hojaji, kurekodi, kushiriki. Na wengi wao hawajawahi kumhoji mtu yeyote maishani. Tumewafundisha majina ya kazi ambayo hatukuwapa nafasi ya kuifanya.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulikuja na ahadi ya kuliondoa pengo hilo. Mtoto angejifunza lugha kwa kuitumia, na mwalimu angemtathmini akiwa bado anajifunza. Mradi ukawa mojawapo ya njia za tathmini hiyo endelevu, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni jinsi unavyoendeshwa katika shule nyingi za huku kwetu Meru na Embu. Mwalimu anatoa kazi, anangoja wiki mbili, anaipokea, anaipa kiwango, basi. Huo ni mtihani, hata kama umeandikwa kwenye manila kwa kalamu za rangi. Tathmini endelevu ina sharti moja: mwanafunzi aambiwe kilichopungua wakati bado ana nafasi ya kukirekebisha.

Chukua mradi ambao shule yoyote ya Imenti, Tigania au Igembe inaweza kuufanya bila kununua chochote. Wanafunzi wa Gredi ya 8 waende kwa wazee wao wakusanye simulizi ya Mbwaa, kisiwa ambako Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoroka utumwa wakiongozwa na Koomenjwe. Wapo wanahistoria wanaokihusisha kisiwa hicho na Manda, karibu na Lamu, kwa hiyo simulizi yenyewe inamfikisha mtoto wa Maua hadi pwani ya Waswahili. Wa Embu wana Mwenendega, babu wa jadi katika simulizi za Waembu, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko upande wa Runyenjes. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki alikaa na wazee wa Embu na Mbeere akawasikiliza, na mwaka 1973 akachapisha The Living History of Embu and Mbeere. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado kuna ya kuulizwa.

Sasa tazama Kiswahili kinavyoingia humo. Kabla ya kwenda kwa mzee, mwanafunzi aandike maswali yake na mwalimu ayaone. Hapo ndipo atagundua kwamba nusu ya darasa wameandika maswali ya kujibiwa ndiyo au la. Somo la viulizi litafundishwa siku hiyo kwa sababu linahitajika siku hiyo. Mzee naye atazungumza Kimeru au Kiembu. Kumwandika kwa Kiswahili kunamlazimu mtoto kuugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa: mzee alisema, “Nitawamalizia kesho,” naye aandike kwamba mzee alisema angewamalizia siku iliyofuata. Kwenye kitabu cha mazoezi sentensi hiyo ni adhabu. Hapa ni maneno ya babu yake, na akikosea, babu atakuwa amesema jambo ambalo hakulisema. Mwalimu akiiona rasimu hiyo ya kwanza ikiwa na makosa yake yote, ataelewa hasa cha kufundisha wiki ijayo. Akiuona mradi uliokamilika tu, hataelewa.

Kisha mtoto asimame asimulie. Anayetamka “ndawa” badala ya “dawa” asikike na aelekezwe taratibu, asichekwe. Kusikiliza na kuzungumza ni mada kuu katika mtaala wetu, lakini ndiyo tunayoipima kwa nadra, kwa kuwa haipimiki kwenye karatasi.

Kinachoharibu haya yote ni alama. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na ule wa Gredi ya 9 wenyewe asilimia 60. Alama inapochangia kuamua mtoto ataitwa shule gani, kila mtu hushawishika kuupamba mradi. Ndiyo maana wazazi hujaa kwenye saiba jioni, mtoto kando yao akitazama mtu mwingine akimwandikia. Siwalaumu sana. Wanaitikia tulichokithamini.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler aliripoti jaribio alilowafanyia wanafunzi nchini Israeli. Waliopewa maelezo pekee kuhusu kazi yao waliendelea vizuri zaidi. Waliopewa alama hawakupiga hatua hiyo, na hata waliopewa alama pamoja na maelezo walibaki nyuma. Mtoto akishaona kiwango, hana haja tena ya kusoma mwalimu alichoandika chini yake.

Najua jibu la walimu: darasa lina watoto 60, kipindi ni dakika 40, na walimu wa sekondari msingi wanafundisha hata masomo ambayo hawakusomea. Ni kweli, na serikali inastahili kulaumiwa kwa hilo. Lakini si lazima mwalimu asome rasimu zote. Asome kumi kila kipindi, wanafunzi wenyewe wasomeane zilizobaki, na kosa linalojirudia liandikwe ubaoni lisahihishwe na wote. Mradi mmoja kwa muhula, unaopitiwa mara tatu, una faida kuliko minne inayopokelewa na kurundikwa kabatini.

Baraza la mitihani, KNEC, nalo liwape walimu mwongozo unaotambua rasimu. Mwanafunzi aliyeanza vibaya akarekebisha aonekane amepiga hatua, asilinganishwe tu na mwenzake aliyechapishiwa. Walimu wakuu waache kupima bidii ya mwalimu kwa wingi wa manila ukutani. Vyuo vyetu vya walimu, Kigari, Egoji na Meru, vimfundishe mwalimu mtarajiwa kutoa maelezo mafupi yanayofaa, kwa sababu hiyo nayo ni kazi ya kufundishwa.

Nawe mzazi, mtoto akija nyumbani na mradi wa Kiswahili, mpe muda wa kuketi na nyanya yake. Kalamu mwachie mwenyewe.