Chuma Hiki Kinamlinda Nani?



Siku hizi neno moja linarudiwa sana katika miji yetu: mji wenye maendeleo ni mji wa vyuma. Mtu akimaliza kujenga, hata kabla ya kununua viti, anamwita fundi aweke antivoli madirishani na mlango wa chuma kwenye lupango. Akiona picha za London anasema: «Tazameni, hata Wazungu wanajifungia. Huo ndio ustaarabu.» Sisi tunalikataa neno hilo, na shahidi wetu ni London yenyewe.

Ni kweli, London ina vyuma vingi. Wakati wa baridi vinaonekana zaidi, kwa sababu miti haina majani, na saa kumi ya jioni giza linaanza kushuka. Bustani nyingi zimezungukwa na fimbo nyeusi zenye ncha kama mikuki. Madirisha ya vyumba vya chini yana nondo. Lakini je, vyuma hivyo vyote vina kazi moja? Hapana. Na anayevichanganya anajidanganya.

Kwanza kuna vyuma vyema. Nyumba nyingi za mji ule zilizojengwa katika karne ya 18 zina jiko chini ya ardhi. Mbele ya dirisha la jiko walichimba shimo refu, kusudi mwanga na hewa vifike. Kama kando ya shimo hapana chuma, mpita njia angeanguka usiku na kuvunjika. Basi chuma hicho kinamlinda mgeni kuliko mwenye nyumba. Ndivyo Sheria ya Musa ilivyotaka: katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye nyumba anaagizwa kujenga ukingo juu ya paa lake, asije mtu akaanguka na kufa. Ukingo wa namna hiyo ni tendo la upendo.

Tena kuna mahali panapoitwa Coram's Fields. Zamani palikuwa na nyumba ya kulelea watoto walioachwa, iliyoanzishwa na Thomas Coram mwaka 1739. Leo ni uwanja wa michezo wenye uzio, na sheria yake ni hii: mtu mzima haingii asipofuatana na mtoto. Bwana mkubwa akija peke yake anarudishwa. Mtoto wa maskini anapita. Je, hatuisikii Injili hapo?

Lakini kuna vyuma vya namna nyingine. Viwanja vingi vya miti katikati ya mji ule ni vya wenye nyumba za jirani tu. Wao wana ufunguo, wengine wanatazama kwa nje. Wakati wa vita, mwaka 1941, serikali iliamuru vyuma vya namna hiyo ving'olewe vipelekwe kuyeyushwa. Hata leo, juu ya kuta fupi za London, utaona vipande vilivyokatwa. Bustani zikawa wazi, na watu wa kila hali wakaingia. Mwaka 1944 mwandishi George Orwell alilalamika gazetini kwamba uzio umeanza kurudi, na watu wanafungiwa nje tena. Chuma hicho hakimwokoi mtu yeyote na shimo. Kinasema tu: «Wewe si wa hapa.»

Mwaka 2014 mambo yalizidi. Mbele ya nyumba moja ya kupanga huko London, waliweka misumari mikubwa ya chuma sakafuni, kwenye pembe karibu na mlango, ili asiye na makao asilale pale. Watu wengi walikasirika, na misumari ikaondolewa. Walikasirika kwa haki! Tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 16, alimwacha Lazaro alale mlangoni pake, na bado alihukumiwa. Itakuwaje kwa yule anayemnyima hata mahali pa kulala chini?

Mtu atatujibu: «Ninyi mnasema maneno matamu, lakini wezi wako.» Ndiyo, wako. Katika Kivu watu wameuawa usiku ndani ya nyumba zao. Hatumcheki baba anayefunga mlango wake, wala kufuli si dhambi. Tunalosema ni kwamba chuma hakitoshi, na mara nyingine kinaua. Moto ukiwaka ndani, dirisha lenye nondo zisizofunguka linakuwa kaburi la watoto. Na usiku mwizi akija, chuma hakipigi kelele. Jirani ndiye anayepiga. Mtu asiyemjua jirani yake, asiyemsalimu wala kumsaidia katika kilio, atamwita nani saa ile?

London hiyohiyo inatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1980 Kardinali Basil Hume pamoja na masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo walianzisha The Passage, karibu na kanisa kuu la Westminster, kwa ajili ya watu wasio na makao. Na wakati wa baridi makanisa kadhaa ya mji ule hufungua kumbi zao, watu wapate chakula na mahali pa kulala. Wezi wamo London pia, lakini Wakristu hao hawakungoja mpaka wezi wote waishe ndipo wafungue.

Basi, ndugu zetu wa parokia, tufanye mambo matatu. Anayeweka antivoli, aagize dirisha moja lifunguke kwa ndani, na watu wote wa nyumba wajue ufunguo ulipo. Halmashauri ya parokia ikitaka kujenga uzio, iulize kwanza: unamlinda nani, na unamzuia nani? Na kila jumuiya ijue majina ya wajane, wagonjwa na wageni wanaokaa karibu nayo.

Baada ya vita, machela ya chuma yaliyotengenezwa kwa kubeba majeruhi wa mabomu yaligeuzwa kuwa uzio wa nyumba huko kusini mwa London. Yako hata leo. Kwa chuma cha vita, haikuwa vibaya. Lakini Mkristu asiigeuze mikono yake vivyo hivyo: Mungu alimpa ya kumbeba aliyejeruhiwa, asiifanye uzio wa kumzuia.