Umaskini Ulioanza Mume Akiwapo

Ipo dhana iliyoenea Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ambayo wazee huinena barazani, wahubiri huirejea madhabahuni, na wanawake wenyewe, kwa kuisikia tangu utotoni, wameishia kuisadiki: ya kwamba mama anayelea watoto peke yake ni fukara kwa sababu hana mume, na ya kwamba wanawe, maadamu hapana mwanamume wa kuwatia adabu, hawana budi kuharibika. Dawa yake, husemwa, ni kuolewa. Na akikosa wa kumwoa, basi ahurumiwe kwa sadaka. Nadai kuwa dhana hii ni batili tangu shina lake. Mama huyu, aghalabu, hakufukarika siku mume alipotoka. Alifukarishwa katika miaka ile ile aliyokaa naye, na kutoka kwa mume kulifichua tu jambo lililokwisha kutendeka.

Anayetaka ithibati na apande Kyarumba, kwenye miteremko ya Rwenzori, ambako fedha ya nyumba hutokana na kahawa ya arabika. Anayepalilia mibuni, anayechuma tunda likiwa jekundu, anayelimenya na kuianika buni juani, kisha akaibeba mgongoni kuteremka njia za mawe, kwa desturi amekuwa mwanamke. Walakin ilipofika mizani, aliyesimama mbele ya mnunuzi na kutia noti mfukoni alikuwa mume. Wako na waliouza kahawa ingali ua, mambo ambayo ndugu zetu wa Kagera, Tanzania, huyaita butura, wakapokea kwa mlanguzi bei ya dhiki miezi mingi kabla ya mavuno, na mke asijue ila siku alipoona mtu mwingine akidai magunia aliyoyatolea jasho yeye. Na shamba lenyewe lilikuwa la mume, au la baba mkwe, au la ukoo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mchuma kahawa huyu hakula hata na wanawe.

Mume wa namna hiyo afapo, au amfukuzapo mkewe, au ahamiapo kwa mke mwingine, majirani hutazama mama akishuka mlima na watoto na sufuria, wakasema: tazameni msiba wa kukosa mume. Hawaoni kuwa hakuna alichopoteza siku ile, kwa kuwa hakuna kilichokuwa chake.

Wala sisemi haya kwa kukisia, kwani Kyarumba hiyo hiyo imekwisha kutoa jawabu. Ushirika wa Bukonzo Joint, ulioanza mwaka 1999 kwa kuweka na kukopa kabla ya kuingia katika biashara ya kahawa, na ambao wengi wa wanachama wake ni wanawake, ulishirikiana na shirika la Oxfam Novib la Uholanzi na mtaalamu Linda Mayoux wa Uingereza kukuza njia ya kujifunza kwa michoro, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga hesabu za aila yake. Mume na mke huchora mti: kwenye mizizi huonyesha kazi za kila mmoja, kwenye matawi huonyesha matumizi ya kila mmoja, na kwenye shina milki na jina la mwenye nayo. Nyumba nyingi zilipochora, mizizi ililemea upande wa mke, matawi yakalemea upande wa mume, na mti ukaonekana wazi kuwa hauwezi kusimama. Hapo hapakuhitajika mahubiri. Wako wanaume walioshika jembe na kuingia mibuni pamoja na wake zao, wakaacha kuuza bila ya shauri, na wako waliokubali hati ya shamba iandikwe majina mawili.

Chukua, basi, wajane wawili wa kilima kimoja, mmoja ambaye jina lake limo katika hati na daftari la ushirika, na mwingine ambaye halimo popote. Wote wawili hawana mume, wote wanalia. Lakini mmoja msimu ukifika atachuma, atapima, atalipa, na mwingine atakwenda kupalilia kwa watu kwa kibarua cha siku. Lau ufukara ungetokana na kukosa mume, hali zao zingelingana.

Watasema wengine kuwa hawa si wajane, bali ni wanawake waliopotoka. Hoja hii ni dhuluma, na katika wilaya hii ya Kasese ni dhuluma isiyo na haya. Tangu waasi wa ADF walipoingia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996, na katika umwagaji damu wa tarehe 26 na 27 Novemba 2016 mjini Kasese, ambamo watu zaidi ya 100 waliuawa na wanaume wengi wakawekwa mahabusu miaka na miaka, ni wanawake wangapi walioamka wakiwa wenye nyumba bila ya kuulizwa? Na wale wasichana waliopata mimba katika kipindi ambacho shule za Uganda zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, walipotoka peke yao? Kila mtoto ana baba. Ila lawama humwangukia aliyebaki kumlea, na aliyekimbia husalimiwa sokoni kwa taadhima kama jana.

Watasema wengine kuwa sheria ipo na yatosha. Kweli ipo, na nzuri. Katiba ya mwaka 1995 imewasawazisha mume na mke katika ndoa na baada ya ndoa. Sheria ya ardhi imekataza kuuza ardhi inayolisha familia bila ya ridhaa ya mwenzi. Na marekebisho ya sheria ya mirathi ya mwaka 2022 yamempa mwenzi aliyefiwa bila ya wasia asilimia 20 ya mali, na watoto asilimia 75. Lakini fungu hilo la mwenzi ni la aliyeolewa ndoa inayotambuliwa, na sheria ya Uganda haiuhesabu ukaaji wa pamoja kuwa ndoa, hata ukidumu miaka ishirini. Ni nyumba ngapi vilimani zilizoanza kwa kuishi tu, mbuzi wa mahari wakiahidiwa na wasifike? Mwanamke wa nyumba hiyo, mbele ya shemeji anayetaka shamba, ni mgeni aliyezaa. Naye hata akitaka kuwadaia watoto haki yao, ana nauli ya kulipa, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) wa kumwomba barua, na ukoo mzima wa kuukabili. Hati yenye majina mawili, iliyoandikwa wote wawili wakiwa hai na mbele ya mashahidi, humkinga hata huyu.

Imebaki hoja ya malezi. Sikani kuwa baba mwema aliyepo ni neema. Nakana kuwa mtoto wa mama peke yake huharibika kwa kukosa fimbo ya baba. Elimu ya msingi ya serikali husemwa ni ya bure tangu 1997, na hata hivyo mtoto hurudishwa nyumbani kwa sare, kwa daftari, kwa chakula cha mchana. Na msimu wa kuchuma ufikapo huzuiwa shambani kwa sababu mama hana cha kumlipa kibarua. Huyo amepungukiwa na fedha, si na adabu. Na wapendao kuwahubiria wanawake utii kwa kumtaja Mwana Kupona wakumbuke kuwa mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alifariki mwaka 1856, na utendi ule wa kumfunza binti yake aliutunga akiwa mjane. Adabu wanayoisifu karne nzima na zaidi ilifundishwa na mama aliyekuwa peke yake.

Kwa hiyo nawaambia wahubiri wa Kyarumba na Bwera: kabla ya kubariki ndoa, ulizeni shamba litaandikwa kwa majina ya nani. Nawaambia viongozi wa vyama vya kahawa, kote Bukonzo: msiandike shamba la familia kwa jina moja, wala msimlipe mmoja fedha ya kahawa iliyochumwa na wawili. Nawaambia wazee wa koo: kesi ya shamba la mjane ikija mbele yenu, andikeni hukumu yenu karatasini na mpeni nakala, ili ijayo kesho isianze upya. Na yule atakayeshikilia bado kuwa kasoro ya wanawake hawa ni kukosa mume, na atujibu swali moja: kama mume peke yake ni utajiri, imekuwaje wengi wao wakae naye miaka kumi, wakimlimia na kumchumia, kisha watoke mikono mitupu?